Mbwa wa Mama Gwakisa na Nyama Isiyo na Mfupa

Nimestaafu, na vijana wa ofisi ya mifugo wamenipa daftari gumu badala ya saa ya ukutani. Wamesema niandike. Nawashukuru, maana saa ingenikumbusha tu kwamba sina tena pa kuwahi. Vyeo na mishahara nitaviruka, kama vyenyewe vilivyoniruka mara nyingi. Nitaandika mikono yangu ilifanya nini katika miaka yote hiyo, na nitaandika kosa moja ambalo hamjawahi kulisikia kwa sababu sijawahi kuwasimulia.

Nilifika Tukuyu nikitokea Singida, nina cheti kipya na sanduku la bati. Kwetu mvua ni mgeni anayetandikiwa mkeka. Hapa nilikuta yeye ndiye mwenye nyumba. Siku ya kwanza nilipewa viatu vya mpira, vyote viwili vya mguu wa kushoto, na mtunza stoo akaniambia nisaini kwanza, kubadilisha ni baadaye. Hiyo baadaye ilichukua miezi minne. Wazee wa mtaa wa Bulyaga wanaodai kwamba nilikuja nikiwa kilema wasameheni, walichokiona walikiona kweli.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ambakisye, mkaguzi wa nyama wa machinjio yetu, mtu mfupi aliyenoa kisu kila asubuhi kabla hajagusa chai. Alinifundisha kupasua ini na kufuata mirija yake, na kupapasa mapafu kwa vidole vyote kumi, polepole, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya godoro. Mapafu na maini yenye vifuko vya maji tuliyafukia kwenye shimo na kuyamwagia mafuta ya taa. Mbwa akiyala anapata minyoo, na minyoo hiyo inarudi kwa watoto wanaomchezea. Wenye ng'ombe walitununia. Mzee Ambakisye alikuwa na dawa yao: alikataa kumtazama mwenye ng'ombe usoni mpaka amalize kutazama ini.

Ni yeye pia aliyenipeleka Kisiba kwa ng'ombe wangu wa kwanza aliyeanguka. Alikuwa ng'ombe wa kisasa, amezaa jana yake. Tulimkuta amelala kwenye matope, shingo ameigeuzia ubavuni, masikio ya baridi, macho yanatazama kitu ambacho sisi hatukukiona. Mwenye ng'ombe alikwisha kumtafuta mchinjaji. Mzee akatoa chupa ya kalsiamu, akaitia kwapani ndani ya koti ipate joto la mwili, akasimama hivyo kimya huku sisi tukiloa. Kisha akaipitisha kwenye mshipa wa shingo, kidogo kidogo, mkono wa pili ukiwa kifuani pa ng'ombe kusikiliza moyo. Haikupita saa moja ng'ombe akabeua, akakojoa, akasimama. Mzee akanieleza kwamba maziwa yamemnyonya chokaa yote ya mwilini, ndiyo hiyo kalsiamu. Tangu siku hiyo niliitia chupa ile kwapani mara nyingi kuliko nilivyotia kipimajoto changu mwenyewe.

Nimeeleza hayo ili mjue nilichokijua. Sasa nieleze nisichokijua. Chuoni tulifundishwa juu ya mbwa jambo moja, kichaa chake, na namna ya kumchanja mbwa anayeshikiliwa na watu wanne. Mbwa anakula nini halikuwa swali. Mbwa wa huku alikula ugali wa jana, ndizi zilizobaki, mifupa iliyokwisha kutafunwa na watu, na panya akimpata. Alikuwa na miguu iliyonyooka na sauti ya kutosha.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Stoo ya serikali ilibaki na maboksi matupu na paka mmoja, huku dawa za mifugo zikianza kuuzwa mitaani, rafu moja na misumari na sabuni. Nguo za mitumba zikajaa sokoni. Ndipo duka moja pale Bulyaga likaleta mfuko wa chakula kikavu cha mbwa, wenye picha ya mbwa anayecheka. Watu walikiita biskuti za mbwa. Walikwenda kuuona kama wanavyokwenda kuona ajali. Jamaa mmoja akaonja mbele ya umati, akatafuna kwa makini, akatangaza kwamba zimepungukiwa chumvi.

Katika miezi hiyo ndipo Mama Gwakisa alipofika ofisini, amekuja kwa miguu kutoka Kinyala, na kapu mkononi. Alikuwa mjane wa makamo aliyelima migomba na chai kidogo. Nilimfahamu kwa ng'ombe wake mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, tata," akaitikia, maana kwao tata ni baba. "Nimekuletea mgonjwa ambaye haumwi."

Akafunua kanga. Ndani ya kapu alikuwamo mtoto wa mbwa, miezi minne hivi, wa ile jamii ndogo ya kizungu isiyokua: manyoya marefu, pua fupi, mzima mzima ananienea viganja viwili. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwanawe, Gwakisa, alikuwa mpishi wa wageni Dar es Salaam. Wageni walipoondoka walimwachia mtoto huyo wa mbwa, naye akampa jina Meneja. Kisha Gwakisa akarudi nyumbani, amekonda, anakohoa, Meneja akiwa ndani ya koti lake na nusu mfuko wa biskuti mkononi. Hakumaliza mwezi wa pili. Miaka ile tulizika vijana wengi, na makaburini tulisema tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, kisha tukatazama chini.

"Siku mbili kabla, alinishika mkono," akasema Mama Gwakisa. "Akasema, Mama, Meneja asife. Basi. Hakuniagiza kingine, si shamba, si nguo zake. Sasa biskuti zimebaki za siku tatu. Pale dukani zipo, wanapima kwa kopo. Majirani wengine wanasema nimpe nyama mbichi, wengine wanasema nimtupe. Bwana Mifugo, nimpe kipi? Huyu naye akifia mikononi mwangu, sina mahali pa kujificha."

Nilikwenda naye dukani. Mfuko ulikuwa wazi tangu siku nyingi, mdomo haukukunjwa, na nilipoinamisha pua nikapata harufu ya ukungu. Tukuyu kila kitu hushika ukungu, hata viatu unavyovivaa kila siku. Hapo nilikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi kidogo hujiona sahihi pote. Sikuuliza kama kuna mfuko ambao haujafunguliwa. Maandishi ya ubavuni niliyasoma, nusu yake sikuyaelewa, na sikumwambia mtu. Mama alikuwa ananitazama, mwenye duka ananitazama, na mimi nilikuwa Bwana Mifugo.

"Mama," nikasema, "mbwa ni mla nyama. Hii ya mfukoni ni pumba iliyookwa. Mpe nyama mbichi ya ng'ombe, ile nyekundu, nitakukatia mwenyewe machinjioni. Maini na mapafu usimpe. Na mfupa usimpe kabisa, koo lake si pana kuliko kidole changu."

"Hata mfupa laini, nikiusaga?"

"Hata ukiusaga."

"Na maziwa? Ng'ombe wangu anakamuliwa."

"Yatamharisha. Nyama tupu, mama."

Akarudia maneno yangu yote kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma katekisimu mbele ya mchungaji. Nilifurahi kusikilizwa hivyo. Sikuwahi kusikilizwa hivyo nyumbani kwangu.

Mara tatu kwa wiki alikuja na jani la mgomba, nami nikamkatia nyama ya paja niliyoikagua mwenyewe, nikiondoa hata gegedu. Kule Kinyala walisema mbwa wa Mama Gwakisa anakula kuliko mchungaji. Wiki za mwanzo manyoya ya Meneja yaling'aa, nami nikajisifu kwa wenzangu.

Wiki ya tano mama akasema Meneja haji tena kumpokea mlangoni, anakaa tu. Nilimpa dawa ya minyoo, nikaongeza, "Anamkumbuka mwenyewe, mama. Mbwa nao wana msiba." Jibu hilo lilimgusa, hata machozi yakamlenga. Lilinigusa na mimi niliyelitunga. Wiki ya saba Meneja akaruka kutoka juu ya kigoda, kimo cha shubiri moja tu, akalia. Mama alimleta mbio, kanga imelowa mvua na jasho. Mguu wa nyuma ulikuwa umevunjika. Nilipomshika mbavu nilihisi zinabonyea chini ya vidole, na nikaviondoa vidole upesi.

Niliufunga mguu kwa vijiti vya mwanzi na kitambaa. Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Nimekosea wapi?"

Hapa nitakwenda taratibu, maana sentensi niliyomjibu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nilimwambia, "Mbwa hawa wa kizungu ni dhaifu kwa asili. Labda ulimwacha acheze sana." Akaitikia kwa kichwa. Akamfunika Meneja, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, tata," akaondoka kwenye mvua. Baadaye nilisikia kwamba hamwachi tena akanyage chini, anapika amembeba mgongoni kama mtoto, na usiku amekaa macho.

Siku nne baadaye niliitwa Kisiba, ng'ombe amezaa na kuanguka. Nikatia chupa kwapani, nikasimama kungoja. Mwenye ng'ombe, kijana aliyeoa karibuni, akauliza ndani ya chupa kuna nini.

"Chokaa," nikamjibu. "Ile iliyomo kwenye maziwa na kwenye mifupa."

Nikasikia nilichosema. Maziwa na mifupa. Vitu viwili, na vyote viwili nilimkataza yule mama kwa mdomo wangu. Nikakaa kwenye majani yaliyolowa, yule kijana akadhani nimeugua. Nilimhudumia ng'ombe mpaka akasimama. Sikunywa chai waliyonipikia.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Mbeya kumwona daktari wa mifugo, mama mmoja mkali aliyekuwa ametibu mbwa wa wageni kwa miaka mingi. Nilimweleza dalili. Hata hakunyanyua kichwa.

"Anakula nyama tupu?"

"Ndiyo."

"Nyama tupu haina chokaa. Mtoto wa mbwa anakua, mwili unaitaka, unakwenda kuichimba kwenye mifupa yake mwenyewe. Nani alimpa mwenyewe ushauri huo?"

"Kuna mtu kule kwetu," nikasema.

"Mwambie huyo mtu aendelee na ng'ombe."

Nilimwahidi kwamba ujumbe utafika. Kisha akanieleza, nami nawaeleza ninyi, kwa sababu siku hizi watoto wa mbwa wa namna hii wamejaa hata Tukuyu na mtaulizwa. Chakula kikavu si pumba, kikiwa cha watoto wa mbwa wadogo, mfuko haujafunguliwa, tarehe haijapita. Ukifungua, mimina kwenye debe lenye mfuniko na uliweke pakavu karibu na jiko. Meno yake ni madogo, kwa hiyo loweka kwa maji ya uvuguvugu. Mpe kidogo kidogo mara nne kwa siku, kwani mwili mdogo hivyo hauna akiba, akishinda njaa asubuhi mpaka jioni anaweza kuzimia. Unapombadilishia chakula, changanya cha zamani na kipya kwa wiki nzima. Na nyama mbichi je? Daktari alisema yupo anayeweza kulea mbwa kwa nyama mbichi, lakini ni yule anayejua apime nini na nini pamoja nayo, na nyama yenyewe iwe imekaguliwa. Kwa mtoto wa mbwa wa kilo moja na nusu, kubahatisha hakuna nafasi. Harufu ya ukungu ukiisikia, tupa, hata kama mfuko umejaa.

Nilirudi na mfuko wa chakula uliofungwa, nikaupeleka moja kwa moja Kinyala. Njiani nilipanga maneno ya kukiri. Nilipofika, Mama Gwakisa akatoka na Meneja mgongoni, macho yamemwingia ndani, nikasema, "Mama, imetoka dawa mpya, wanaichanganya na biskuti." Hayo ndiyo maneno yaliyotoka.

Tulimweka Meneja ndani ya boksi asitembee. Mama alifuata maelekezo haya mapya kwa uaminifu uleule aliofuata nao yale ya kwanza. Baada ya siku kumi mkia ulianza kucheza. Mwezi ulipokwisha mguu ulikuwa umeunga, umepinda kidogo, lakini unakanyaga. Siku hiyo mama alikuja ofisini na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mezani pangu mbele ya wenzangu wote.

"Ndaga fijo, tata. Umemwokoa. Mimi nilikuwa namuua."

Wenzangu wakanipigia makofi. Nikachukua mkungu. Tulizila ndizi zile nyumbani kwangu siku tatu, zilikuwa tamu, na kila nilipomeza nilimsikia akisema alikuwa anamuua.

Siku ya nne nilikwenda Kinyala bila mkoba wa kazi. Nilimkuta amekaa kibarazani anamenya ndizi, Meneja kalala kwenye boksi pembeni yake. Hatua chache mbele, kati ya migomba, lilikuwa kaburi la Gwakisa, udongo wake bado haujashuka vizuri. Akataka kuinuka aniletee kigoda, nikamzuia.

"Mama, mguu wa Meneja niliuvunja mimi."

"Wewe hukuwepo."

"Ni ile nyama. Ulitaka kumsagia mfupa, nikakataa. Ulitaka kumpa maziwa, nikakataa. Sikujua, na niliona aibu kusema sijui. Alipovunjika nikakutwika wewe kosa langu. Dawa mpya hakuna, mama, ni chakula tu, kile kile nilichokiita pumba. Wewe ulimlisha kama ulivyoambiwa. Hukukosea."

Aliacha kumenya. Nilingoja anifukuze, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Mvua nyembamba ilikuwa inaanza kwenye migomba.

"Hata siku moja?" akauliza.

"Hata siku moja."

Akatazama kule kaburini, kisu bado kipo mkononi.

"Hospitali nao waliniambia hivyo. Mlishe vizuri, mama, atapata nguvu. Nikachinja kuku wote. Nikampa maziwa, mayai, ndizi za kuponda. Kila ninachompa anatapika. Nikabadilisha, anatapika. Nikasema ni mimi, sijui kupikia mgonjwa. Nakaa hapa kila siku narudia, Jumatatu nilimpa hiki, Jumanne nilimpa kile." Akanigeukia. "Wewe unajua mambo ya chakula. Nilimpa nini kibaya?"

Jibu lilinijia mdomoni upesi, la uhakika na la kufariji, kama yalivyonijia mengine yote. Nililimeza.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe, mama. Ugonjwa wa watu siujui. Lakini huyo aliyekuambia maneno yale, yeye namjua. Alikuwa kama mimi. Hakuwa na dawa, akaona aibu kusema, akakupa wewe kazi ya kumponya."

Kisu kilimtoka mkononi. Alilia kwa sauti kubwa, mikono kichwani, kilio cha siku ya kwanza ya msiba, ingawa msiba ule ulikuwa umekwisha miezi kadhaa na watu wamekwisha kutawanyika. Meneja alisimama ndani ya boksi akaanza kubweka. Majirani wakatoka migombani mbio, majembe mikononi, wakauliza kumetokea nini, nani amekufa.

"Gwakisa," akawaambia. "Gwakisa wangu amekufa."